Ziwa Lenye Umbo la Soli

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Leo balaa. Binti yetu kaja kibandani mchana, bado ana sare ya uuguzi mwilini, akatangaza kwamba ametupatia nafasi hifadhi ya mlimani. Siku tatu! Kupanda, kulala kwenye hema, kutazama dunia kutoka juu. Zawadi ya mama yake, anayetimiza miaka sitini na mitano. Mimi nilikuwa na misumari minne mdomoni, nagongea kisigino cha kiatu cha mteja. Binti alipotamka neno kileleni, nikabaki na mitatu.

Wa nne sijui uko wapi.

Mama watoto akaacha kuanua nguo, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akasema taratibu, basi nitaliona lile ziwa. Akanitazama kama siku ya kwanza. Nikasema utaliona. Ningesema nini?

Niandike ukweli, maana daftari hili hasomi mtu. Hata mimi nikiandika haraka sisomi. Kisomo cha watu wazima nilikwenda miezi mitatu, mwalimu akasema kwangu yeye amefika mwisho. Basi ukweli ni huu. Miaka arobaini na moja iliyopita, nilipokuwa namtaka mama watoto, palikuwa na mshindani mwenye baiskeli. Mimi baiskeli sina. Nikajipa mlima. Nikamwambia nimeupanda peke yangu mpaka kileleni, na kule juu nimeona ziwa lenye umbo la soli ya kiatu, kisigino mawioni, ncha machweoni. Hapo ndipo Mungu aliponionyesha kuwa nitakuwa fundi viatu. Mwenye baiskeli akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Mlima sijaupanda. Hata langoni sijafika.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Shemeji naye anakwenda. Huyu ni mdogo wake mama watoto, dereva mstaafu, mpinzani wangu tangu harusi. Kanunua mabuti ya dukani na fimbo mbili za chuma. Mbili! Nikamuuliza anakwenda kupanda au kuchunga. Na mtu mwenyewe ndiye huyu aliyejifunza udereva miaka miwili. Wenzake miezi mitatu! Miaka yote namkumbusha kila tukikutana, naye hucheka kidogo na kutazama chini. Aibu hiyo.

Nilipowaeleza tena habari za ziwa, akakohoa. Huwa anakohoa nikilitaja. Vumbi la barabara limemkaa kifuani, maskini. Akasema, aisifuye mvua imemnyea, shemeji. Maneno mazuri, ila sikupenda alivyoyasema.

Mabuti ya dukani mimi siyataki. Nimeshona mwenyewe, jozi mbili, yangu na ya mama watoto. Ngozi nene, soli ya tairi la lori, mishono miwiliwili. Mfalme angelia. Binti akasema nimpime mama yake mguu kwanza. Kumpima! Viatu vyake vya harusi nilivishona kwa kumtazama tu akitembea. Kalibu yake, ule mguu wa mbao wa kushonea, ipo juu ya kabati mpaka leo, na hakuna mguu mwingine ulioshonewa juu yake. Mguu wa mke wangu naujua kuliko kiganja changu. Fundi wa kupimapima ni fundi asiyejua kazi.

Mama watoto akavaa. Akasimama. Akapiga hatua moja. Akasema yamemkaa kama siku ya harusi. Nikamgeukia binti. Umeona!

Msumari bado haujaonekana. Shemeji anashauri ninywe mafuta ya kula. Binti anasema tusubiri.

Mpango: kesho asubuhi naumwa mgongo. Safari itavunjika yenyewe, bila mimi kulaumiwa.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mgongo umeshindwa. Nililala chali, nikaguna vizuri sana, hata mimi mwenyewe nikajionea huruma. Nilichosahau ni kwamba binti ni muuguzi. Akaja na sindano. Mgongo ukapona kabla hajaifunua.

Tumefika lango la hifadhi saa tisa. Muongozaji wetu ni mama wa makamo, kofia pana, sauti ya mwalimu mkuu. Nikamvuta pembeni. Nikamwomba kiutu uzima atangaze kuwa njia ya kileleni imefungwa. Akauliza imefungwa kwa nini. Nikasema simba. Akasema mlima huu haujawahi kuwa na simba. Nikasema basi mmoja tu. Akacheka mpaka akashika nguzo.

Halafu, mbele ya watu wote, akaniuliza kama nimewahi kufika. Nikasema mara moja, zamani, wewe hujazaliwa. Akauliza nilipandia upande gani. Nikaonyesha kwa mkono, kwa uhakika kabisa.

Akasema huko ni vyooni.

Shemeji akakohoa. Mama watoto akasema mlima nao hubadilika, mzee alipita zamani. Mke mwema huyu. Roho ikaniuma zaidi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Aliyesema njia ya mwongo ni fupi hakupanda mlima huu. Saa sita! Kwanza msitu, giza na mchana kweupe, miti imevaa kuvu kama mablanketi. Kisha mianzi. Kisha majani marefu na upepo unaopita hadi kwenye meno. Kwenye kijito, shemeji akakata kushoto kwenda penye kivuko kabla muongozaji hajafungua mdomo. Bahati ya kipofu.

Mama watoto alikuwa nyuma siku nzima. Nikamsifia mwendo wake mbele za watu, nikasema huo ndio mwendo wa heshima, si kukimbia kama anayedaiwa. Kila mara alikaa kwenye jiwe kutazama maua. Maua gani hayo, mengine yalikuwa majani tu. Nikasema mabuti yangu hayajaingiza hata tone, mnaona? Akaniunga mkono. Akamwambia muongozaji, mume wangu kayashona kwa kukumbuka tu, hakupima. Nikatembea kifua mbele mpaka nikajikwaa.

Kambi ipo chini ya jabali, mahema manne. Jua likashuka, mawingu yakawa chini yetu, mekundu, kama mtu kamwaga zulia. Mama watoto akaniegemea begani. Akaniuliza, ziwa nalo huwa jekundu saa hizi? Nikasema inategemea siku.

Nimejiona mdogo kama kishimo cha uzi.

Mpango wa mwisho. Kesho alfajiri buti moja la mama watoto litaibiwa na nyani. Bila buti hakuna kilele. Bila kilele hakuna aibu. Akili za uzeeni hizi, kijana hawezi.

Jumapili, tarehe 10 Agosti, asubuhi

Nimeliiba. Alikuwa bado kalala. Nikaenda nalo nyuma ya jabali. Fundi ni fundi, nikaingiza mkono ndani kuisikia kazi yangu.

Nikakuta pamba. Pamba, na kipande cha kanga kimekunjwa, kimeganda. Damu.

Nikakaa chini.

Nikalipima kwa shibiri, mara tatu. Buti halina kosa. Limefuata kalibu ya harusi barabara. Ni buti la msichana wa miaka ishirini na minne. Tangu hapo kazaa watoto watatu, kasimama jikoni, kabeba maji, kafuata wateja wangu wasiolipa mpaka majumbani kwao. Mguu umepanuka. Mimi kutwa nashika miguu ya watu, nawaambia huyu ana kidole kibaya, yule kisigino kimekwisha. Wa mke wangu sijautazama, sijui tangu lini. Na yeye katembea saa sita ndani ya viatu vya bi harusi, ili shemeji asinicheke.

Nyani gani tena.

Kisu cha ngozi, sindano na uzi huwa sitoki bila hivyo. Nikarudi nikachukua na buti la pili. Nikayapasua yote mawili, mbele na ubavuni. Kupasua kazi yangu mwenyewe! Afadhali ningejikata sikio. Ngozi ya kuongezea sina. Nikavua mkanda wa suruali, nikaukata, nikaushona humo, mshono juu ya mshono. Sasa mabuti yana sura ya chura. Suruali naishika kwa mkono.

Mama watoto akatoka hemani akanikuta. Nikamweleza kuwa hewa ya juu hubana ngozi, kila fundi anajua. Akasema hata yeye amewahi kusikia hivyo. Nikamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, binti akafunga malengelenge kwa plasta. Mkono wa mama watoto ulikuwa kichwani pangu.

Nikamwambia tusipande, miguu hii ipumzike. Nilisema kwa nia njema kabisa, kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema amesubiri miaka arobaini na moja, atapanda hata kwa magoti.

Basi. Twende nikaaibike.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Tulifika saa nne. Ukungu! Mweupe, mzito, huoni pua yako. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaanza kueleza, ziwa liko palepale, ila leo limefunikwa, mambo ya mlima hayo. Nilikuwa bado naeleza upepo ukaja.

Ukungu ukaondoka kama pazia linavyovutwa. Vilima nyuma ya vilima. Mashamba kama viraka vilivyoshonwa na mtu mwenye subira. Mabati ya nyumba yanameta huko chini, barabara imelala kama uzi ulioanguka. Nilitaka kumwonyesha kila kitu. Nikakumbuka kwamba nilishaviona zamani.

Ziwa hakuna. Hata dimbwi.

Wakanigeukia wote. Nimeshika suruali. Shemeji akavuta pumzi, nikasubiri kikohozi changu.

Mama watoto akatazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole mahali kivuli cha wingu kilipokuwa kimelala bondeni. Akasema, lile pale. Kisigino huku, ncha kule. Muongozaji akafungua mdomo, binti akamkanyaga mguu. Na shemeji, hakukohoa! Akasema, naliona, dada. Kubwa.

Wakati wa kushuka nikamuuliza mama watoto chinichini kama kweli ameliona. Akacheka mpaka akaishika fimbo ya mdogo wake. Akaniambia kwamba shemeji alikuwa mpagazi hapa, akiwabebea wageni mizigo, miaka miwili. Udereva alijifunza baadaye, miezi mitatu kama wenzake. Wiki ileile niliyoleta habari za ziwa, alimwambia dada yake kwamba kule juu hakuna maji ya kunawa uso. Dada yake akamwapisha asitamke, na kama ataulizwa alikuwa wapi miaka miwili, aseme alikuwa anajifunza gari.

Arobaini na moja! Nimemcheka mtu miaka arobaini na moja, naye kabeba mzigo wangu wote huo na hakuutua.

Nikauliza, basi kwa nini ulinikubali? Akasema mwenye baiskeli alimwahidi kumpakia mpaka sokoni. Mimi nilimpa ziwa. Nikauliza, na kama ulijua halipo, siku zote ulikuwa unataka kuja kuona nini?

Akasema alitaka kuona nitajitoaje.

Tukashuka tumeshikana mikono. Mkono wangu mwingine ulikuwa na kazi ya suruali.

Naapa hapa kwa maandishi. Uongo basi. Shemeji nitamheshimu. Na miguu ya mama watoto nitaipima, kila mwaka, nikipiga magoti.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Msumari wa nne umeonekana, ulikuwa kwenye mfuko wa shati. Kwa hiyo sikumeza, kama nilivyosema tangu mwanzo.

Leo kinyozi wa jirani kaja na ndara yake iliyokatika. Akauliza habari za mlima. Nikamjibu kwa kifupi tu, kwamba nilipanda pekupeku, kwamba njiani palikuwa na simba mmoja, tukatazamana, akapisha. Akauliza, na lile ziwa? Nikasema mwenzangu, zamani sikuona vizuri. Ni mawili. La kushoto na la kulia.

Shemeji alikuwa kwenye kigoda. Akakohoa. Nikamwambia mtu aliyejifunza udereva miaka miwili asinikoholee kibandani. Akacheka kidogo, akatazama chini.

Mama watoto akapaza sauti kutoka ndani. Akasema nisimfiche mgeni, lilikuwepo na la tatu, dogo, la mtoto.

Jozi mpya nimeianza leo. Asubuhi nilikuta juu ya meza yangu karatasi kubwa, mtu kaweka mguu juu yake na kuuzungushia mstari wa makaa, vizuri, kidole kwa kidole. Najua ni nani. Anadhani nimezeeka. Nimemtazama akitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, inatosha. Kupima ni kwa wasiojua kazi.

Daftari lilikwisha Jumapili, kwa hiyo haya naandika kwenye karatasi hiyo. Karatasi nzuri. Nimeandika ndani ya mguu wake kuanzia kisiginoni, habari ya leo yote imeingia, na kwenye vidole bado kuna nafasi.