Hotuba ya Kuzindua Dawati la Simu Ambazo Hukupiga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye bado yuko njiani. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na makaimu wa wasaidizi wao. Viongozi wa dini zote. Na ninyi wateja wetu wapendwa mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti ni vya wadau: hamjambo! (Wachache: "Hatujambo.") Nasema hamjambo! (Mmoja: "Tumeshajibu!")

Ndugu wananchi, mimi Meneja Mwandamizi wa Kastoma Keya wa shirika letu la simu nasimama hapa, kwa unyenyekevu ambao wenzangu wamenisifia mara nyingi na sijawahi kuwakatisha, kuzindua rasmi Dawati la Simu Ambazo Hukupiga, mradi uliobuniwa, ukafanyiwa upembuzi yakinifu na kupigiwa makofi na mimi mwenyewe, baada ya kubaini kwamba baadhi yenu mnaletewa bili za simu za ng'ambo ambazo mnadai, narudia, mnadai, hamkupiga. (Minong'ono.) Utafiti wetu unaonesha kwamba asilimia tisini na tisa ya walalamikaji ni wasahaulifu, na asilimia iliyobaki bado tunaitafuta. (Kicheko.)

Niwape mfano hai. Yuko mshonaji mmoja, mnamwita Mama Cherehani... (Sauti kutoka nyuma: "Nipo hapa!") Naam, yupo. Mama huyu alikuja ofisini kwangu na bili yake, akasema, "Baba, huko ng'ambo mimi simjui hata paka. Nimpigie nani?" Nikamweleza kitaalamu kwamba sistimu haidanganyi. Akauliza, "Kwa hiyo mwongo ni mimi?" Nikamwelekeza dirisha la pili, dirisha la pili likamwelekeza kwa mhasibu, mhasibu akamrudisha kwangu, nami nilikuwa semina. Ndipo, kwa kuzingatia taratibu, tukamkatia laini. (Zomeazomea.) Tulieni! Sheria ni msumeno. (Mama Cherehani: "Mbona kwenu haukati? Binti yangu yuko mkoa wa mbali na mimba yake imetimia. Ile simu ndiyo aliyokuwa akinipigia. Sijui kama amejifungua, sijui kama yu mzima!") Pole sana, mama. Na pole hii haitozwi chochote.

Sasa mama anataka nini tena? Anataka namba iliyomo kwenye bili yake ipigwe hapa hapa, kwa simu hii ya uzinduzi, mbele ya kadamnasi. Mama, hilo halimo kwenye ratiba. (Umati: "Ipigwe! Ipigwe!") Ndugu wananchi, uwazi ni nguzo, lakini nguzo nayo huwekwa mahali pake... Fundi! Fundi wa mitambo, unafanya nini hapo na bili ya mama? Nani amekuruhusu kuweka spika? Kata! Nimesema kata hiyo simu! (Sauti ya kijana inajaa ukumbini: "Shikamoo, baba! Nimekujua kwa ukali. Si ulisema laini ya yule mshonaji imekatwa? Leo unatumia ya nani?")

(Ukumbi unalipuka.)

Ndugu wananchi... ndugu wananchi, nanyi mna watoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! (Mama Cherehani: "Na mimi nilizaa nini, kitambaa?") Kijana yule anasomea shahada ya maadili ya utumishi, masomo ni magumu, anahitaji kutiwa moyo... Jamani, msipande jukwaani, jukwaa ni la kukodi! Basi! Basi! Natamka kuanzia sasa: bili ya mama imefutwa, na simu zile nitazilipia mimi. (Umati: "Laini!") Laini inarudi leo. (Umati: "Sasa hivi!") Sasa hivi, ndiyo, nilikuwa nafika hapo.

Mama, tafadhali weka chini huo mkono wa simu, hiyo ni ya uzinduzi. (Mama Cherehani hasikii: "Mwanangu? Ni mimi... Juzi?... Ulipiga ukaambiwa nini?... Usilie. Wa kike? Anafanana na nani?... Mwambie bibi yake anakuja." Anajifuta macho kwa utepe wake wa kupimia. Umati unapiga vigelegele.) Ndugu waandishi wa habari, naomba muandike kwamba furaha hii ni matokeo ya moja kwa moja ya mradi wetu.

Nimalizie kwa kaulimbiu. Simu yako! (Umati: "Mwanao!") Uadilifu! (Umati: "Kwa mkopo!") Asanteni kwa ushirikiano.

Nawashukuru wafadhili, ambao fedha zao zilitumika zote kabla ya wakati. Namshukuru seremala aliyetuazima meza hii, ambaye naona ameanza kuivuta. Na kwa namna ya pekee nawashukuru watumishi wa Dawati la Simu Ambazo Hukupiga, ambao ningewataja kwa majina kama tungekuwa tumewaajiri. Sasa tukate utepe, ila nawaomba wageni waalikwa msiusukume mlango wa ofisi, maana umechorwa ukutani, na rangi yake bado haijakauka.