Tunapanga Uzalishaji kwa Akili

Jumatatu, 14 Julai

Hapana, sikuwa nimelala. Nilifumba macho kusikiliza mota. Fundi anasikiliza mota kama daktari anavyosikiliza kifua. Ndivyo nilivyojibu. Ila nilimjibu mbuzi, kwa sababu swali lenyewe aliulizwa mbuzi.

Nieleze. Mashine ya kusaga hapa Sindeni ni ya mama mkwe wangu, Mama Grasiana. Mimi Obadia nimemuoa binti yake Paulina, na ufunguo wa mashine nashika mimi. Mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Heshima. Kwa hiyo mama mkwe akiwa na neno na mimi anamwambia mbuzi wake. Mbuzi anatafuna, mimi nasikia.

Leo mbuzi kaambiwa mazito. Eti umeme wa LUKU, ile mita ya kulipia kabla, unawekwa Jumatatu, Alhamisi umeisha. Eti kuna mtu anaacha mashine inazunguka tupu, yeye anapiga soga akisubiri ndoo ya pili ije. Basi leo kaweka umeme kwa mara ya mwisho. Ukifika Jumapili akitoka kanisani, ufunguo unabaki kwa huyo mtu. Ukikatika kabla, ufunguo anapewa Hashim.

Hashim! Mwanyumba wangu huyo, kamuoa Janeth, dada yake Paulina. Kasoma kozi ya umeme, cheti kakitia fremu. Anatembea na tesita mfukoni hata msibani. Na alikuwepo palepale. Akamwambia mbuzi asante.

Bila ufunguo mimi ni nani? Narudi Segera kuuza machungwa, nakimbizana na madirisha ya mabasi. Magoti yamekataa.

Jumanne, 15 Julai

Nimeenda Korogwe kununua mkanda. Wa mota, uwe wa akiba. Wa suruali bado unavumilia.

Korogwe ya Zamani nikapita karibu na ukumbi, harufu ya chapati ikanishika mkono. Semina ya wenye viwanda! Mlangoni wakauliza natoka kiwanda gani. Nikasema Sindeni, upande wa nafaka. Uongo uko wapi? Wakanipa kalamu, chai na kiti cha mbele.

Msemaji alikuwa injinia Catherine, katoka Dar. Maneno ya huyo mama! Kupanga uzalishaji kwa mifumo yenye akili, ili kuokoa nishati. Mimi ni mtu wa darasa la tano, nusu ilinipita juu ya kichwa. Nusu iliyobaki ikakaa. Alisema mashine inayozunguka bila kazi ni sawa na mtu anayekula harusini na hakuchanga. Hapo nikapunguza kidogo kutafuna. Viwanda vya wenzetu, kompyuta inajua kazi ipi ije lini. Inakusanya zinazofanana, inawasha mara moja, inazima.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, je, kama wateja wenyewe ni kina bibi na ndoo zao? Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema ni yaleyale, mzee wangu. Kusanya, washa, maliza, zima.

Mzee wangu! Na suti yake!

Nimerudi mtu mwingine kabisa. Mkanda nimeusahau ukumbini. Paulina kauliza mkanda uko wapi. Nimemwambia nimeleta mfumo.

Jumatano, 16 Julai

Nimeiuliza akili mnemba ya kwenye simu inipangie kazi. Kioo kimepasuka, kwa hiyo ushauri nausoma nusu, nusu namalizia mwenyewe. Tunasaidiana. Ikasema panga kwa aina. Dona na dona, sembe na sembe, mtama na mtama. Nikasema umeongea!

Sasa kwetu foleni hawapangi watu. Zinapanga ndoo. Unaweka ndoo yako asubuhi, unakwenda zako shambani, ndoo inakushikia nafasi. Ndoo ni mtu. Mimi nikaingia kati, nikazihamisha zote kwa aina. Ya Bibi Agripina, ya mtama, ilikuwa ya kwanza. Ikaenda mkiani.

Bibi Agripina akarudi. Nikampa shikamoo, marahaba haikuja. Akauliza nani kamsukuma. Nikasema si mimi bibi, ni mfumo. Akauliza huyo Mfumo ni mtoto wa nani hapa Sindeni. Nikamwelewesha kwamba ni akili, ipo ndani ya simu. Akasema iambie ihamie kichwani kwako, huko kuna nafasi tele.

Vigelegele! Kila mama akanyanyua ndoo yake. Wakatoka mstari mmoja hadi ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya dizeli ya Ponsiano. Ndoo ya mtama imetangulia mbele.

Hashim akapita na pikipiki. Akaniuliza kama mfumo unauza na machungwa.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuna mteja hata mmoja. LUKU haijasogea. Ushindi! Nikamweleza mbuzi.

Mama mkwe akamwambia mbuzi kwamba hata marehemu anabana matumizi, ila hakuna anayempongeza. Mashine isiyosaga haihesabiwi. Watu warudi, wasage, na umeme ufike Jumapili. La sivyo, Hashim.

Sawa. Nimekaa nimefikiri. Kosa limeonekana: watu hawajaelimishwa. Injinia alikuwa na maandishi makubwa ukutani. Mimi nina nini? Nikang'oa mlango wa banda la kuku. Nikachukua rangi iliyobaki ya geti la mama mkwe. Nikaandika hivi:

KARIBUNI MASHINENI. HAPA TUNAPANGA UZALISHAJI KWA AKILI. KINA MAMA NJOONI WOTE KWA PAMOJA IJUMAA ASUBUHI. HAKUNA TENA MATESO YA KUSUBIRI. WANAUME MSIONE AIBU.

Neno kusaga sikuliweka, la kizamani. Hilo la wanaume nimeliweka kwa sababu mwanaume wa hapa akitumwa na kiroba anajificha kama kaiba. Nimelitundika njia panda. Paulina kalisoma, kaanza kusema kitu, nimemwambia hii ni lugha ya viwanda.

Kuku wamelala wazi. Maendeleo ni kujitoa.

Ijumaa, 18 Julai

Jamani! Watu!

Nimefika wamejaa uwanja mzima. Kina mama, matumbo, watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi. Matumbo niliyaona. Sikuuliza. Mjamzito naye anakula ugali. Nyuma ya choo wamesimama wanaume, kofia zimefunika macho. Mmoja namjua kwa viatu. Ponsiano! Kaacha dizeli yake kaja kwangu!

Nikapanda juu ya gunia nianze hotuba. Hapo akaingia muuguzi Glory wa zahanati, anatembea kama mvua ya mawe. Akauliza nani kaniruhusu kuzalisha. Nikasema mama mkwe. Akauliza nazalisha tangu lini. Tangu nilipooa. Nimesomea wapi? Korogwe, juzi. Akashika kiuno. Akataka kuona vifaa. Nikamwonesha chekeche, nyundo na kopo la grisi. Akauliza kama nanawa mikono. Nikasema ya nini dada, vumbi si litarudi? Akauliza wakija wengi nafanyaje. Nikasema ndiyo raha yenyewe, nawaunganisha, nawasha mara moja, wote wanamaliza. Akauliza, kwa sauti ndogo sasa, na baadaye hali inakuwaje. Nikasema kunakuwa na joto kidogo, lakini wakipepeta kwenye ungo linakwisha.

Akanikunja shati. Kifungo kikaruka.

Aliyeniokoa ni Bibi Agripina. Alikuja mapema, apate nafasi nzuri ya kuona Mfumo akikamatwa. Akasema mwachie mwanangu, huyu hajui kuzalisha mtoto, anazalisha unga.

Kicheko! Mama mmoja alikaa chini kabisa, akaomba wenzake wasimchekeshe, asije akajifungulia kwenye pumba. Kumbe wote wamesoma uzalishaji ule wa wodini! Wengine wamesoma kupanga, wakaelewa uzazi wa mpango. Ndiyo maana wanaume na kofia. Ponsiano akasema yeye alikuwa anapita tu. Nyuma ya choo changu.

Lakini sikia. Mwanamke wa Sindeni haendi upande wa mashine mikono mitupu. Haiwezekani. Kila tumbo lilikuja na ndoo, lisije likapoteza safari. Na ndoo zimeshajipanga zenyewe hadi barabarani.

Muuguzi akazitazama ndoo, akayatazama matumbo, akageukia wanaume. Akasema siku zote anawaita kliniki, wanakuja mmojammoja kama matone ya bomba bovu. Leo wamekuja wote, na waume zao. Haondoki mtu! Akaagiza mzani na sanduku lake la dawa. Akafungua huduma ya mkoba kwenye baraza langu. Mzani wa watoto ukaning'inia kwenye boriti yangu.

Basi nikawasha. Bibi Agripina akasimamia ndoo, na hakuna aliyethubutu kugusa ya mwenzake. Yeye ndiye aliyepiga kelele dona zote kwanza, sembe zifuate, mtama mwisho, na wa kwake ukiwemo. Nikamkumbusha kwamba ndivyo mfumo ulivyosema. Akasema mfumo ulishindwa kuomba ruhusa. Huku anapima muuguzi, huku nasaga mimi. Ndoo moja ikitoka nyingine imeshamiminwa. Nikijaribu kupiga soga, wananipigia makofi nisogee. Mashine haikuzunguka tupu hata kidogo! Nikazima ndoo ya mwisho ilipotoka. Nikaenda kwenye LUKU.

Nimeibusu.

Jumapili, 20 Julai

Mama mkwe katoka kanisani moja kwa moja hadi mashineni. Hashim alishafika. Kavaa glovu mpya! Kasimama karibu na kitasa kama bwana harusi.

Mama mkwe akaigonga LUKU kwa kidole. Umeme upo, na wa kutosha. Hashim akasema haiwezekani, huyu kachepusha nyaya. Akatoa tesita, akapima, akapanda darini, akashuka na buibui kichwani. Akasema, kwa uchungu mwingi, ni halali.

Mama mkwe akamwambia mbuzi kwamba ufunguo ubaki ulipo. Ila kila Ijumaa ni siku ya muuguzi Glory, watu waje pamoja. Ndoo ni kazi ya Bibi Agripina. Yule mtu awashe na azime, basi. Asihamishe ndoo, na asiandike tena kitu chochote mahali popote. Na Hashim, kwa kuwa ana glovu, aende Korogwe kuutafuta mkanda.

Halafu akakumbuka kuhusu grisi na kunawa mikono. Akacheka hadi akajisahau, akanitazama usoni. Mbuzi aliacha kutafuna.

Yaani nina wakurugenzi wawili, bibi na muuguzi! Nani alikuwa na wakurugenzi pale Segera? Mfumo umefanya kazi kama nilivyoupanga.

Kisha ule mlango wa banda la kuku una upande wa pili, mtupu kabisa, na rangi ipo. Deogratius wa Korogwe ana oveni ya umeme ya mikate, inamfilisi. Jioni hii nimemwandalia tangazo:

TUNAOKA NA KUOKOA. JUMAPILI ASUBUHI, WOTE KWA PAMOJA. NJOO ULIVYO.

Mchungaji Elisha kapita, kalisoma kalirudia. Akauliza nimeanza lini kuokoa. Nikasema Ijumaa, na wa kwanza ni mama mkwe. Kaondoka mbio kwenda kwa wazee wa kanisa. Naona anakwenda kunitangazia.

Sasa wewe unayesoma hapa bila kualikwa. Sina hasira. Una oveni? Una saluni, gereji, hata pasi moja ya mkaa? Tuingie ubia. Wewe unaleta mashine, mimi naleta akili. Faida nusu kwa nusu. Hasara tunamwambia mbuzi.