Ng'ombe Hawahesabiwi, Mama Mkurugenzi

Karuba, Jumatatu, baada ya misa

Kwa Mama Pétronille, Mkurugenzi wa kituo cha mitihani ya kompyuta, Goma

Mama Mkurugenzi,

Kwanza nakusalimu. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Huko kwenu mvua imenyesha? Hapa imenyesha, maharage yanapendeza, na mke wangu Marie anakusalimu ingawa hakujui. Naomba uitazame vizuri mistari hii ya salamu, maana ndiyo iliyoanza kuniangusha katika mtihani wenu.

Mimi ni Athanase Kagabo, umri miaka sitini na moja, mfugaji, na kwa miaka ishirini na miwili katibu wa chama cha wafugaji wa hapa Karuba. Daftari la chama liko mkononi mwangu: kila ng'ombe kwa jina lake, mama yake na mwaka aliochanjwa. Mwaka huu chama kimepata kompyuta, na wanachama wameamua kwamba katibu lazima awe na sertifika ya SQL, ile lugha ya kuiuliza mashine maswali. Nisipoipata kabla ya mkutano mkuu, kiti changu kinakwenda kwa Gustave. Gustave anafuga mbuzi, Mama. Sitaongeza neno.

Nimepata alama thelathini na moja juu ya mia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Lugha yenu haina salamu. Swali la kwanza lilitaka majina ya ng'ombe yatolewe kwenye orodha. Kitabu kinasema uanze moja kwa moja na SELECT, yaani "chagua", kama mtu anayeamuru mbwa. Mimi nimelelewa. Niliandika salamu mistari minne, nikauliza hali ya orodha, ndipo nikaomba majina. Mashine ikajibu kwa herufi nyekundu kwamba kuna kosa karibu na neno "Bonjour". Hata askari wa barrière, kile kizuizi cha barabarani pale Mubambiro, siku nilipokuja kwenu kwa pikipiki, aliniambia "Bonjour papa, umeamuka je?" kabla ya kuuliza nimebeba nini. Nilikuwa nimebeba fromaji yako, jibini ya maziwa yetu, ambayo msimamizi wa mtihani aliikataa akisema ni hongo. Ilikuwa salamu.

2. Nyota. Ukiandika SELECT ukaweka alama ya nyota, maana yake ni: nipe kila kitu. Kwetu mtu anayesimama uani kwa watu akitaka kuonyeshwa kila kitu ni mwizi ao mkwe, na mkwe hutanguliza bia. Nikaandika kwamba nitaridhika na chochote watakachopenda kunionyesha. Sifuri.

3. Swali la nne lilisema wafugaji wapangwe, kwa ORDER BY. Ninyi mlitaka wapangwe kwa herufi. Kwa herufi, Albert aliyeingia chamani mwaka jana na ndama mmoja anakaa mbele, na mzee Nzabonimpa aliyekianzisha chama anakaa nyuma, karibu na mlango, penye upepo. Nikaandika ORDER BY heshima. Mashine ikajibu: safu ya "heshima" haipo. Mama, niliisoma mara tatu. Nimeishi katika nchi hii miaka sitini na moja, nimeikimbia nyumba yangu mara nne kwa vita, na hakuna aliyewahi kuniandikia jambo hilo wazi namna hiyo.

4. NULL. Kitabu kinasema ni mahali ambapo habari haijulikani: si sifuri, si neno tupu. Swali: tafuta ndama ambao baba yao hajulikani. Nilijibu kwamba hakuna ndama kama huyo. Hapa kwetu baba wa kila ndama anajulikana, na wa watoto wengine pia. Anayekosekana ni mtu wa kusema. Msimamizi alisoma akacheka hadi akavua miwani, lakini alama hakutoa.

5. Hili ndilo linaloniuma. Swali la tisa, alama ishirini nzima: kwa kutumia COUNT, hesabu ng'ombe wa mfugaji mmoja. Ng'ombe hawahesabiwi! Ukiwahesabu kwa sauti unawaitia balaa. Ukimwuliza mtu anao wangapi, aliyelelewa atakujibu "si wengi" hata kama wamejaza kilima. Baba yangu alikufa bila kutaja idadi, na kila jioni alijua nani hajarudi kwa kuangalia tu. Kwa hiyo nikaandika: "Si wengi." Msimamizi akaniinamia, akanong'ona: "Papa, hizi ngombe haiko za kweli. Andika tu COUNT, tuende kula." Nikamwambia kwamba anayezoea kuhesabu ng'ombe wa uongo, kesho atahesabu wa kweli.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, alama zangu zipandishwe hadi sitini. Naomba SELECT itanguliwe na salamu isiyopungua mistari miwili. Safu ya heshima iongezwe kwenye mashine zote, kuanzia za Goma, kisha za dunia. Swali la tisa lifutwe, na wote waliokwisha kuwahesabu wale ng'ombe wawaombe radhi. Kama waliotunga lugha hii wako mbali, waje Karuba. Tutawapa maziwa, na hatutawauliza wako wangapi.

Nakwambia kweli, Mama, naogopa. Daftari lile nimekimbia nalo mara zote nne, chini ya shati. Likichukuliwa, sijui nitakuwa nani.

Nisalimie watoto, mlinzi wa mlango, mama anayeuza chai nje ya kituo, msimamizi (simchukii), na mashine namba sita niliyoikalia, ingawa yenyewe haikuitika.

Ni mimi, katibu mpaka sasa,

Athanase Kagabo

N.B. Bahasha ilikuwa imeshafungwa Gustave alipofika. Alinisalimu, akauliza hali ya Marie, ya watoto, ya maharage, akanywa maziwa, ndipo akatoa karatasi. Kumbe ameshaliingiza daftari langu lote kwenye kompyuta ya chama, akauliza mstari mmoja tu: SELECT jina FROM ngombe WHERE chanjo IS NULL, yaani nipe majina ya ng'ombe ambao mwaka wao wa chanjo haukuandikwa. Lilitoka jina moja: Gaju.

Gaju ni wangu, Mama. Maziwa yake ndiyo tuliyokunywa tulipokimbilia Kitshanga. Kila mwaka daktari wa mifugo huniuliza alete dozi ngapi, nami humjibu "si nyingi". Huleta kumi na nane kwa kukisia, na Gaju, kwa upole wake, huingia wa mwisho. Nami huacha nafasi yake wazi daftarini nikisema mwakani. Sasa homa ya ng'ombe imeshafika Mushaki, hapa jirani.

Gustave angeweza kunicheka. Alisema tu, "Kaka, sikuonyesha muntu mwingine," akaaga. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi yote ya juu uyachane, ila salamu. Nitumie tarehe ya kurudia mtihani. Daktari anapanda huku Alhamisi, na leo nimemwandikia idadi kwa mkono wangu. Nakuandikia na wewe, uone kama zile alama ishirini bado zipo: ng'ombe wangu ni kumi na tisa.