Maduara Yafike Mlangoni Kwangu

Kwa Ndugu Afisa wa Mipango wa Jiji,
(Nakala kwa yule mwalimu wa chuo kikuu mwenye kofia kubwa)

YAH: RANGI MNAYOTAKA KUIFUTA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wa nyumbani kwako hawajambo. Sisi huku wazima, ila nina malalamiko, na mama mkwe amesema yakiandikwa yana uzito kuliko yakipigiwa kelele.

Mimi ni yule mama kijana niliyekuwa na ndoo ya maji siku mlipofunga kichochoro chetu magari yasipite. Jiji mlileta kibali, chuo kikaleta wanafunzi na rangi, sisi wa mtaani tukaleta mafagio na mikono. Tukachora maduara makubwa ya njano na bluu toka gereji mpaka kwa fundi viatu, tukaweka na benchi la mbao kuukuu. Mkasema ni majaribio tu, mwisho wa mwezi mnafuta. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Mwanangu wa kike, ambaye baba yake anamwita Kobe, alichelewa kutembea. Chumba chetu kina kitanda, jiko na kabati. Akipiga hatua moja kagonga kitu, anakaa. Nesi akaniambia, "Mtafutie uwazi." Uwazi mkauleta ninyi. Alisimama kwenye duara la njano, akalitazama la bluu kama mtu anayetaka kuvuka mto, akaenda! Nililia. Mwanafunzi aliyekuwa anahesabu wapita njia naye akalia, hesabu ikampotea. Hili si lalamiko, lakini mengine yote yanatoka hapo.

2. Lalamiko lenyewe: Kobe sasa anatembea kwenye maduara TU. La mwisho likiisha, anakaa chini kama amefika mwisho wa dunia, ananyoosha mikono nimbebe. Toka hapo mpaka mlangoni kwangu hakuna rangi, na mgongo unaoumia ni wangu. Fundi viatu ananicheka, "Mama Kobe, mwanao gari moshi huyo, bila reli haendi!"

3. Mkifuta rangi, mtakuwa mmemfutia miguu mwanangu. Basi naomba msifute, na mwongeze maduara mpaka mlangoni. Machache tu.

4. Lakini mlangoni si mwisho, kuna kliniki. Nesi atamwonaje akitembea kama kliniki haina rangi? Ongezeni mpaka huko. Ule mtaro ulio wazi mtaufunika kwanza, maana duara halichorwi hewani.

5. Halafu atakwenda shule. Pale barabara kuu magari yatabidi yangoje, kwa sababu Kobe kwenye kila duara husimama kidogo afikiri. Si wanasema kobe akiinama anatunga sheria?

6. Mimi shule sikuifikisha mbali, yeye sitaki aishie nilipoishia. Kwa hiyo rangi ifike hadi lango la chuo kikuu. Wanafunzi wameijua njia ya kuja kwetu. Ni haki na mwanangu aijue njia ya kwenda kwao. Akimaliza atarudi na brashi yake, atawapunguzia kazi.

Najua utasema mradi huu ni wa muda. Ndugu yangu, lile rundo la taka nyuma ya gereji nalo mlisema la muda, tangu mimi sijaolewa, na mpaka leo mmelivumilia vizuri sana. Nasi tuvumilieni hivyo hivyo.

Nisalimie mkeo, watoto, mwalimu na wanafunzi wote, hasa yule aliyelia. Mama mkwe anakusalimu, hata fundi viatu. Kobe anakupungia mkono.

Ni mimi, mwenye matumaini nanyi,
Mama Kobe

Nimesahau: barua hii naiandikia kwenye benchi lenu, nyumbani hakuna pa kuweka karatasi. Nilipomaliza kuandika jina langu nikainua kichwa, Kobe hayupo kwenye duara. Kamfuata bibi yake juu ya lami tupu mpaka mlangoni, anacheka! Basi kuanzia namba mbili mpaka sita, futeni tu. Rangi na benchi lakini msiguse. Mjukuu wa fundi viatu leo kasimama kwa kulishikilia hilo benchi, na jicho lake liko kwenye duara la njano.