Namba Yangu ni Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba
Nina miaka sabini na sita. Nimewazika madaktari watatu walionikataza chumvi. Bohari nilimobeba magunia miaka thelathini imebomolewa, mimi nimesimama. Leo nimeingia darasa la kunyanyua vyuma. Tuko kumi na mmoja. Kocha ni binti wa umri wa wajukuu zangu. Kila raundi ikiisha anapita akiuliza namba: chuma kimekuwa kigumu kiasi gani, moja hadi kumi. Moja ni kama kunyanyua kijiko. Kumi, huwezi tena hata mara moja. Anataka watu waishie saba, wabakize nguvu za kunyanyua mara mbili tatu. Kubakiza! Za kwenda nazo wapi? Jirani yangu, mkunga mstaafu, ana kilo kumi mkononi, kasema saba bila haya. Mimi nilikuwa na kilo sita. Nikasema mbili. Kocha akaniongezea hadi kilo kumi. Nikasema mbili.

Jumanne, 7 Oktoba
Mikono imegoma. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kanifungia vifungo vya shati kama mtoto wa chekechea. Kasema, Baba, ukirudi hivi tena utahamia darasa la viti. Darasa la viti! Wazee wamekaa, wananyanyua chupa za maji. Bora nife nimesimama.

Jumatano, 8 Oktoba
Leo nimefanya uchunguzi. Nilimuuliza mkunga hiyo namba kumi ikoje, kama amewahi kufika. Akasema hajafika, wala hana shughuli nayo. Miaka thelathini na mbili amewaambia wanawake lini wasukume, lini wapumue. Anayesukuma kabla ya wakati anaishiwa nguvu na mtoto hajatokeza. Nikamwambia mimi sina mimba. Akasema, na hilo tumbo je, mzee wangu? Darasa zima hoi kwa kicheko. Lakini swali limenikaa kichwani. Huko kwenye kumi kuna nini? Giza? Nyota? Mtu anasikia nini? Lazima nikaone.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefika kumi. Hakuna nyota. Ni kimya tu, halafu magoti yanakataa. Nilichuchumaa na chuma cha kilo kumi na sita kifuani. Kushuka, safi kabisa. Kupanda, hakuna. Nikakaa sakafuni nimekipakata kama kitoto. Kocha akauliza namba. Nikasema tatu. Akasema, Babu, umekaa chini! Nikasema nakagua sakafu. Hapo akakasirika. Akasema anayedanganya namba ndiye anayeumia, na yeye hataki kuwapigia simu watoto wangu akilia. Nihamie kwenye viti. Mkunga akaniombea: nipewe Jumatatu moja tu, niseme ukweli. Kocha akakubali kwa shingo upande.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kilo nane. Raundi ya kwanza nikasema ukweli: saba. Ulitoka kama jino. Kocha akapiga makofi, mkunga akanipigapiga begani. Na nguvu nilibakiza kweli! Mwili ukaitika, nikatamani raundi ya pili. Ajabu sana. Nilikuwa nimeshaokoka.

Ndipo akaingia mzee mgeni. Akaegesha mkongojo wake mlangoni, akachukua kilo nane kama zangu, akasema tano. Tano! Mbele yangu! Nikaenda kuchukua kilo kumi na nane. Nikanyanyua mara moja, Kocha akauliza namba, mdomo ukasema moja. Chuma kikashuka, nami nikashuka nacho.

Kesho saa nne asubuhi, viti. Nimeshaulizia: chupa zao ni za lita moja na nusu. Nikauliza kama kuna aliyewahi kushika mbili kila mkono. Hakuna hata mmoja! Basi watanijua.

Haya ya leo anaandika mkwe wangu, mkono wangu haushiki kalamu. Asiyeamini zile kilo kumi na nane amuulize mkunga, ndiye aliyeniinua. Na asiyeamini kwamba zilikuwa nyepesi, shahidi ni huyu anayeandika. Ameapa kuandika kila neno nilivyolisema, ingawa anacheka.