Tovuti Pana ya Kahawa ya Mbuji

Jumatatu, 22 Juni 2015. Mbinga.

Nimepata kazi! Kikundi cha kina mama wa kahawa cha Mbuji kimeniteua nitengeneze tovuti yao. Mimi Tadei, mwenye stesheneri ya stendi. Mwenyekiti wao ni shangazi yangu Kunigunda, ila hilo halihusiani. Wajumbe wawili walinipinga. Shangazi akasema nikiharibu, aulizwe yeye.

Mnunuzi wa Moshi anakuja Jumamosi. Ataifungua tovuti kwanza, ndipo aamue. Akikataa, kina mama wanarudi kwa walanguzi wa magoma, wale wanaonunua kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Shangazi kaniomba nisimtie aibu. Nimtie aibu vipi? Nimesoma kozi ya wiki mbili Songea, na cheti ninacho.

Jumanne, 23 Juni.

Nimebuni. Ukurasa kama shamba la ngoro, lile letu la mashimo mlimani! Mashimo manne kwa upana, matano kwenda chini, kila shimo na jambo lake: kahawa, mlima, mashine ya kumenyea, mwenyekiti, na mbunifu (mimi, nimevaa tai). Unajaza kioo chote cha kompyuta ya dukani. Hakuna Mmatengo atakayeuona asijisikie yuko nyumbani.

Mwalimu Steven kaja kutoa fotokopi. Anafundisha kompyuta sekondari, katokea Tanga, na hawezi kuona kitu bila kukisahihisha. Akauliza kama nimeijaribu kwenye simu. Nikasema bado. Kwamba simu yangu ni kitochi kisichofungua tovuti, sikumwambia. Akasema watu siku hizi hufungua tovuti kwa simu, hivyo ningeanza na simu: mashimo yapangwe moja chini ya jingine, picha zipunguzwe uzito, na kichwani mwa ukurasa niweke mstari mmoja wa kuuamuru ufuate upana wa simu. Mstari mmoja! Wivu tu. Fotokopi zake nimezitoa zimefifia.

Alhamisi, 25 Juni.

Shangazi kapiga simu. Ameifungua tovuti kwa simu ya binti yake Devotha. Amesubiri mpaka maharage yakaiva, ndipo zikatokea herufi ndogo kama ulezi. Nikamwambia avae miwani. Akasema kavaa. Nikamwambia apande mahali penye mtandao mzuri. Akasema yuko juu ya mlima tayari.

Nimefadhaika kidogo, kisha akili ikanijia. Kama tovuti haitoshei kwenye simu, simu isihusike. Nitaipeleka kompyuta Mbuji! Mnunuzi ataiona inavyostahili.

Ijumaa, 26 Juni.

Nimeazima jenereta ya parokia. Padre kauliza ya nini. Nikasema ya maendeleo.

Jumamosi, 27 Juni.

Bodaboda mbili. Moja ilinibeba mimi na kioo, kimefungwa kwenye blanketi. Ya pili, yenye mashine ya kompyuta na jenereta, ikapata pancha mlimani. Kwa hiyo mnunuzi alipofika ghalani alinikuta nimesimama kando ya kioo cheusi. Nikamweleza kuwa kitawaka muda si mrefu. Nilieleza kwa dakika arobaini.

Akatoa simu. Nikamshauri kwa heshima asijisumbue. Akafungua. Ulezi. Akaukuza ukurasa kwa vidole, akapata sikio langu. Akauvuta, akapata tai. Akamuuliza Shangazi kama kahawa yenyewe ipo. Wale wajumbe wawili wakatazamana. Shangazi hakunitazama kabisa, na hapo niliumia kwelikweli, kwa sababu alinitetea mbele ya hao hao.

Kumbe Alhamisi ileile alimpigia Steven! Jamaa akatokea nyuma ya magunia, akampa mnunuzi anwani nyingine. Mashimo yaleyale, maneno yaleyale, moja chini ya jingine. Yule bwana akasoma yote kwa kidole gumba, mkono wa pili umeshika kikombe. Kisha akaomba kuonyeshwa kahawa, akaionja, akachukua mzigo wote. Vigelegele. Nami nikapiga makofi, maana mashimo yalikuwa yangu.

Mashine ilifika saa kumi.

Alhamisi, 2 Julai.

Tovuti ya Mbuji kapewa Steven. Shangazi kanisamehe, kwa sharti nijifunze kwa huyo Steven. Nimeahidi. Steven kaniletea ule mstari wake umeandikwa kwenye karatasi. Nimeikunja, nimeiweka chini ya mguu wa meza, na meza sasa haitikisiki.

Habari kubwa ni kwamba wauza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Lipingo wameniita! Waliuliza kama tovuti yao itafunguka vizuri kwenye simu. Nikasema bila wasiwasi. Nimetafakari kosa la Mbuji na nimeligundua: ukurasa ulikuwa mdogo. Na ziwa ndilo huwezi kabisa kulibana. Nimeazima kioo cha pili, nimekiweka ubavuni mwa cha kwanza. Ukurasa utaanzia Lipingo kwenye kioo kimoja na kuishia Malawi kwenye kingine.