Kitengo cha Afya ya Dola

Umma wa Kisiwa cha Mombasa ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna dola ya Kimarekani itakayopokelewa na benki wala duka lolote bila cheti cha afya. Vyeti vingetolewa Mji wa Kale, orofa ya pili, juu ya mkahawa, na Kitengo cha Afya ya Dola. Ada ya uchunguzi ni shilingi mia tatu, nayo hulipwa kwa simu, kwa kuwa Kitengo hakipokei pesa taslimu.

Sababu ilikuwa nzito. Watu wa Mombasa wameacha kubeba pesa. Hata muuza mihogo ya kuchoma pale ufukweni Mama Ngina, ukimpa noti ya mia mbili hukutazama kana kwamba umempa barua ya korti, kisha hukuonyesha namba ya simu iliyoandikwa kwenye meza yake. Serikali ikajikuta na wakaguzi kumi na wanne wa noti, wasio na noti za kukagua. Kuwafuta kazi kungekuwa ukatili, na kuchunguza kama wanahitajika kungegharimu kamati. Wakapewa dola, maana wageni wa meli bado hushuka nazo.

Mkaguzi hodari kuliko wote alikuwa Musyoka. Alikuwa na lenzi, glavu nyeupe, na imani. Dola ya zamani, yenye picha ya kichwa kidogo, aliikataa kwa uzee. Yenye mkunjo aliilaza siku tatu chini ya vitabu vya sheria. Iliyoguswa na kalamu haikuwa na matumaini, na mwenyewe aliambiwa hivyo kwa upole. Lakini Musyoka alikuwa mfanyakazi wa muda, mwaka wa tisa sasa, na jambo hilo lilimuuma sana. Chama cha akiba kilimnyima mkopo. Mama mkwe wake kila Krismasi alimtambulisha kwa wageni kuwa ni mkwe wa muda. Alichotaka duniani ni barua moja tu ya kuthibitishwa kazini.

Siku ya Alhamisi Mkurugenzi Odera, aliyetunga kanuni zote arubaini za Kitengo, alimwekea mkoba mezani.

"Musyoka, hawa wagonjwa wahurumie," alisema kwa sauti ya chini. "Barua yako iko kwenye droo yangu. Imebaki sahihi tu."

Musyoka aliguswa. Ni wakuu wangapi wanaojali hali ya noti kiasi hicho? Akaapa kuwahudumia kwa kanuni zote arubaini, asiruke hata moja.

Kabla hajaufungua akaingia Hajrabai, muuza vyombo vya shaba, aliyelaza noti yake ya dola mia tangu Jumatatu.

"Salaam aleikum, Bwana Musyoka. Mgonjwa wangu vipi?"

"Aleikum salaam, mama. Anaendelea. Mkunjo wa juu umelainika, wa katikati bado."

"Nimetoa birika zima kwa noti hiyo. Nilimwambia yule Mmarekani alipe kwa simu, akasema simu yake haiijui Kenya. Akavua kiatu, akaitoa kwenye soksi."

"Soksi tumeiandika," alisema Musyoka, akimwonyesha fomu. "Mahali noti ilipolala: soksi ya kushoto. Ila hukujaza jina la mama yake Mmarekani."

"Mimi nitalijulia wapi?"

"Ndiyo maana cheti kimechelewa, mama."

Hapo ndipo alipotokea Bi Ketty kutoka makao makuu, aliyekuja bila taarifa kuamua kama Kitengo kiendelee kuwepo. Akaomba aone kazi ikifanyika. Musyoka, kwa furaha, akaufungua mkoba.

Ofisi ilijaa harufu ya uvundo. Zilikuwa noti mia sita za dola mia mia, zimeota ukungu, nyingi zimetafunwa pembe na panya.

"Hizi ni za nani?" akauliza Bi Ketty.

"Amezileta Mkurugenzi mwenyewe," alisema Musyoka kwa fahari, na Odera akaingia akihema. "Karibu, mheshimiwa, tujaze fomu. Zilikuwa zimelala wapi?"

Odera alimtazama Bi Ketty, akautazama mkoba.

"Darini," alisema. "Nimeziokota. Dari ya hapa ofisini."

"Na jina la mwenye noti?"

Odera aliuondoa mkono wake kwenye mkoba.

"Hazina mwenyewe."

"Maskini," alisema Hajrabai. "Watoto wote hawa, na hawana baba."

Musyoka hakuhitaji kufungua kitabu. Kanuni ya thelathini na moja: noti isiyo na mwenyewe, ikipatikana na maradhi, itateketezwa siku hiyo hiyo na mkuu wa Kitengo kwa mkono wake mwenyewe.

"Kanuni nzuri sana," alisema Bi Ketty. "Nani aliitunga?"

Wote wakamgeukia Odera.

Shughuli ilifanyika uani, ndani ya pipa lililoazimwa mkahawani. Mkurugenzi aliharibu vijiti sita vya kiberiti. Moto uliposhika, akalia waziwazi, mabega yakimtikisika, na wateja wakaacha vikombe vyao wakaja kumtazama. Bi Ketty aliandika kwamba katika miaka ishirini na miwili ya utumishi hajaona kiongozi anayeipenda kazi yake namna ile.

"Na huyu mkaguzi amethibitishwa?" akauliza.

"Ni wa muda," alisema Odera.

"Mthibitishe sasa, nikiwa hapa."

Barua ikaletwa. Odera aliitia sahihi juu ya mgongo wa Musyoka mwenyewe. Musyoka aliipokea kwa mikono miwili. Alikwisha kumwona mama mkwe akimvutia kiti. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaiinua kwenye mwanga na kuitazama kwa lenzi.

"Samahani, Mkurugenzi," alisema kwa upole. "Ina doa la machozi kando ya sahihi. Siwezi kuipokea hii."

Barua ziliandikwa nne. Ya nne ndiyo iliyotoka kavu, baada ya Bi Ketty kumshikia Mkurugenzi leso machoni.